Kujaa kwa Ziwa Si Uzima wa Ziwa

Mei 2024 Ziwa Victoria lilipanda hadi usawa ambao haujapata kuonekana tangu vipimo vianze kuchukuliwa pale Jinja mwaka 1896. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya miaka minne tu nyuma, Mei 2020, na hiyo nayo ilikuwa imeipita ile ya 1964 kwa upana wa kidole. Ndani ya Bonde la Ufa, Baringo, Bogoria, Nakuru na Turkana yamekuwa yakitanuka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mwishoni mwa 2025 maji ya Naivasha yakaingia majumbani mwa watu. Kila likitokea hili, mjadala hufuata njia mbili zilezile. Wapo wanaouliza: si tuliambiwa dunia inapata joto na maziwa yatakauka, sasa mbona yanafurika? Na wapo wanaowajibu haraka haraka kwamba mafuriko hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe, basi, mjadala umekwisha. Makundi haya yanapigiana kelele, lakini kosa lao ni moja. Yote yamesimama ufukweni, yanatazama maji yamefika wapi.

Ninachoshikilia ni kwamba usawa wa maji ni kipimo dhaifu cha kile ambacho joto linakifanya kwenye maji ya dunia. Ziwa linaweza kupanda mita mbili huku uhai wake ukipungua, na linaweza kubaki palepale kwa karne nzima huku kazi yake ya ndani ikidorora. Joto hugusa kwanza mwendo wa maji: lini yanachanganyika, lini yanaganda, lini yanayeyuka, nini kinawahi na nini kinachelewa. Anayehesabu ujazo peke yake atafarijika mahali anapopaswa kushtuka, na kuna mipango mingi ya uvuvi, mabwawa na makazi duniani iliyojengwa juu ya faraja ya namna hiyo.

Tuanze na huohuo ufukwe. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7. Hapo ndipo ukame na mafuriko vinapokuwa watoto wa mama mmoja. Hewa yenye kiu zaidi hunyonya udongo, mito na mabwawa kwa nguvu kuliko zamani, na ikifika mahali pa kutua mzigo, hutua mwingi kwa mkupuo. Ziwa Victoria huhisi jambo hili upesi kwa sababu ya umbo lake. Ni pana mno, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Limekaa kama sinia. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humo hudondoka moja kwa moja kutoka mawinguni bila kupitia mto wowote, na sehemu kubwa ya yanayotoka hurudi angani kwa uvukizi. Mto Nile huchukua kilichobaki. Ziwa la aina hii ni kipimamvua kikubwa: misimu michache ya mvua nzito hulipandisha, misimu michache mibaya hulishusha.

Kwa hiyo wale wanaosema "ni mzunguko wa asili" wana hoja, tena nzito. Mvua za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha ziwa hilo kwa zaidi ya mita mbili, wakati gesijoto zilizokuwa zimelundikana angani ni kidogo sana zikilinganishwa na za leo. Chanzo kimojawapo kilikuwa hali ya Bahari ya Hindi ambapo maji ya upande wa magharibi hupata joto huku ya mashariki yakipoa, na mvua nyingi husukumwa Afrika Mashariki. Hali hiyohiyo ilitokea kwa nguvu mwaka 2019, kabla ya rekodi ya 2020. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 2006, ziwa lilishuka hadi usawa ambao haukuwa umeonekana kwa takriban miaka 80, kwa sababu ya ukame pamoja na maji mengi kupita kiasi kuachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Anayesema ziwa hili limezoea kupanda na kushuka anasema kweli. Anapoteleza ni pale anapodhani kwamba ikishaonekana kazi ya asili, basi joto limeondolewa kwenye kesi. Wanasayansi waliochambua kupanda kwa 2020 walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa tukio kama lile kwa takriban mara 1.8, ilhali mchango wake kwenye kimo chenyewe cha maji ulikuwa wa sentimita chache tu. Takwimu hiyo inapaswa kuwasumbua wote wawili, yule anayesema joto halimo na yule anayesema joto ndilo lililofanya yote.

Kundi hili la pili nalo lina historia ya kukosea. Bahari ya Aral, ambayo zamani ilihesabika miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani, huletwa mara kwa mara kwenye picha za mabadiliko ya tabianchi, na zile meli zilizolala mchangani. Kilichoikausha kwa sehemu kubwa ni uamuzi wa Umoja wa Kisovyeti wa kuyachepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kwenda kumwagilia pamba. Ziwa Chad lilikuwa na takriban kilomita za mraba 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, likasinyaa vibaya sana katika ukame wa miaka ya 1970 na 1980, na hadi leo utasikia viongozi wakihutubia kana kwamba bado linakauka mwaka hadi mwaka. Limekwisha kurudi kwa kiasi tangu miaka ya 1990, ingawa halijafikia ukubwa wake wa zamani. Anayeendelea kusimulia kifo chake anawapa maofisa kisingizio: migogoro ya ardhi, ulinzi na ugavi wa maji vyote vinatupiwa mbingu. Ukweli wa hali ya hewa haulindwi kwa mifano isiyo yake.

Ukitazama dunia nzima, picha ni mchanganyiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima kwa setilaiti maziwa na mabwawa makubwa 1,972 kati ya 1992 na 2020. Zaidi ya nusu yalikuwa yamepungua, na takriban robo yalikuwa yameongezeka. Kwa maziwa ya asili yaliyopungua, joto, uvukizi na matumizi ya binadamu vilibeba sehemu kubwa ya lawama. Kwa mabwawa, tope lililojaa chini ndilo lililotangulia. Kwa hiyo swali la "yanakauka au yanajaa?" halina jibu moja, wala hatukupaswa kulitarajia.

Sasa niseme kwa nini hata jibu la kweli la swali hilo lisingetosha. Wa kwanza kutuonyesha ni heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Chakula chao kikuu ni viumbe vidogo vya kijani vinavyostawi kwenye maji ya magadi makali, mazito kama supu, ambayo ndege huyachuja kwa mdomo uliopinda. Maziwa ya magadi yakipata maji mengi ya mvua, magadi yanazimuliwa, supu inakuwa nyepesi na mlo unaadimika. Watafiti waliofuatilia kwa setilaiti maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki waliona jambo hilohilo: kadiri maji yalivyopanda, ndivyo rangi ya kijani ya chakula ilivyofifia. Aliyesimama barabarani akalitazama ziwa limejaa hadi kwenye miti angesema neema imekuja. Ndege walikuwa wanahama kwa njaa.

Lakini jambo zito zaidi haliwezi kuonekana kutoka barabarani, na limenikaa kichwani tangu siku nilipolifanya kwa mikono yangu. Nilijaza nusu ya bilauri maji ya baridi, kisha nikamimina juu yake polepole, kwa mgongo wa kijiko, maji ya moto niliyoyatia rangi nyekundu. Nilitarajia yachanganyike. Yalikaa. Mstari kati ya mekundu na meupe ulikuwa mkali kana kwamba umechorwa, na nilipopuliza juu kwa mdomo, yale mekundu yaliyumba huku na huku bila kushuka. Ilibidi nikoroge kwa nguvu ndipo mstari uvunjike. Maji ya moto ni mepesi, ya baridi ni mazito, na kuyachanganya ni kazi inayohitaji nguvu. Ziwa ni hiyo bilauri, na pumzi yangu ndiyo upepo.

Kuna undani mmoja hapa ambao watu wengi, hata wasomi, huupita. Maji hayapungui uzito kwa kiwango kimoja katika nyuzi zote za joto. Ukiyapeleka kutoka nyuzi 5 hadi 6, tofauti ya uzito ni ndogo mno; ukiyapeleka kutoka nyuzi 25 hadi 26, tofauti hiyo ni takriban mara kumi zaidi. Maana yake ni kwamba nyuzi moja ya joto kwenye ziwa la tropiki hufunga mfuniko mzito, yaani lile tabaka la maji mepesi ya juu lisilokubali kuchanganyika, kuliko nyuzi hiyohiyo kwenye ziwa baridi la kaskazini. Wale wanaojifariji kwamba nchi za joto zimekwisha kuzoea joto wangetulia kidogo wakitafakari hesabu hii.

Ziwa Tanganyika ndilo linaloonyesha matokeo. Lina kina cha mita 1,470, na peke yake limebeba takriban sehemu moja ya sita ya maji matamu yaliyo wazi juu ya uso wa dunia, ukiondoa barafu. Juu maji yake ni ya nyuzi 25 hadi 27 hivi. Chini kabisa ni zaidi kidogo ya 23. Tofauti ya nyuzi chache tu, na bado inatosha kulikata ziwa vipande viwili. Kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini, kutegemea ni kaskazini au kusini, oksijeni imekwisha na samaki hawaishi. Huko chini ndiko kulikolala virutubisho, mabaki ya kila kilichokufa na kuzama kwa maelfu ya miaka. Juu kuna mwanga bila mbolea, chini kuna mbolea bila mwanga. Kinachounganisha viwili hivi ni upepo. Kati ya Mei na Septemba kusi huvuma, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye rutuba hupanda kuziba pengo. Mwani hustawi, viumbe vidogo hula mwani, dagaa hula viumbe hivyo, migebuka hula dagaa. Mnyororo mzima umefungwa kwenye upepo unaopaswa kuushinda uzito wa mfuniko.

Mfuniko huo umekuwa mzito. Tunajua hivyo kwa sababu mwaka 1913 msafara wa Kibelgiji ulishusha vipimajoto ndani ya ziwa hilo na kuandika kilichosomeka, na karibu miaka tisini baadaye watafiti wengine wakarudia. Maji ya juu yalikuwa yamepata joto haraka kuliko ya chini, na pengo la uzito limekua. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingemaanisha samaki kupungua kwa takriban asilimia 30. Uchambuzi wa tope la chini ya ziwa, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba joto la juu la ziwa limefikia kiwango ambacho hakikuonekana katika miaka 1,500 iliyotangulia. Katika miaka yote hiyo mtu aliyesimama ufukweni aliona nini? Maji ya buluu, safi, mengi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ninayoyajua linahusu ziwa hilihili. Wapo watafiti walioandika kwamba takwimu za mavuno ya Tanganyika zinafuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe, yaani nyavu, taa, idadi ya vyombo na masoko, kuliko hali ya hewa. Hoja hii haisukumwi kando kwa mkono. Taa za usiku huvuta makundi mazima ya dagaa, nyavu zenye matundu madogo hazichagui, na idadi ya wavuvi imeongezeka mno. Mtu akisema "acheni kusingizia hewa, tumevua kupita kiasi", ana ushahidi mkononi. Hata hivyo tope la ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko daftari la mnadani. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa mabaki ya samaki na konokono yaliyozikwa humo, tabaka juu ya tabaka, ukaonyesha kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20, ukienda sambamba na kupanda kwa joto. Uvuvi wa kupita kiasi ulikuta ziwa ambalo tayari lilikuwa limeanza kupungukiwa nguvu. Kwangu mimi hilo linauzidishia uzito usimamizi wa uvuvi, kwa sababu nchi nne zinazolizunguka ziwa zinagawana mavuno ya ziwa ambalo uwezo wake wa leo si ule wa babu zao.

Hoja dhaifu kabisa, nayo husikika mara nyingi, ni ile inayosema joto ni neema: maji yenye joto huotesha mwani zaidi, mwani ni chakula, basi samaki wataongezeka. Inasahau mambo mawili. Mwani haukui kwa joto tupu, na tumeona namna mfuniko unavyozuia mbolea kupanda. Na pale ambapo mbolea ipo tele kwa sababu ya maji taka na mashamba, kinachoshamiri mara nyingi ni ule mwani wa buluu-kijani wenye sumu, ambao ukifa huoza na kula oksijeni yote ya chini. Maji ya moto yenyewe hubeba oksijeni kidogo. Katika utafiti wa 2021 uliokusanya vipimo vya maziwa 393, mengi yakiwa ya ukanda wa baridi wa wastani, oksijeni ya juu ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.5 tangu 1980, na ile ya chini kwa asilimia 18.6. Hapo usawa wa maji wa ziwa hausemi neno. Ziwa liko palepale, limejaa vilevile, na samaki wanaopenda baridi wamebanwa katikati: juu kuna joto wasilolistahimili, chini hakuna pumzi.

Kaskazini zaidi, saa ya ziwa ni barafu yake. Ziwa Suwa huko Japani lina kumbukumbu inayonigusa kila niisomapo. Tangu mwaka 1443 makuhani wa hekalu la Kishinto lililo kando yake wamekuwa wakiandika kama ziwa limeganda na kama ule mstari wa barafu iliyopasuka na kuinuka, uitwao omiwatari, umetokea. Kwa imani yao ni nyayo za mungu akivuka ziwa kwenda kumtembelea mkewe. Barafu ikikakamaa usiku kwa baridi husinyaa na kupasuka; maji hupanda kwenye ufa na kuganda; mchana inapotanuka, kingo husukumana na kuinuka kama tuta refu, kwa mngurumo unaosikika mbali. Katika karne za mwanzo za daftari hilo, mwaka usio na barafu ulikuwa tukio la nadra mno. Tuta la mwisho lilionekana Februari 2018, na kwa majira saba ya baridi mfululizo hadi 2025 kilichoandikwa ni kwamba ziwa limebaki wazi. Maji ya Suwa hayajapungua. Kilichokwenda ni msimu.

Hilo neno, msimu, ndilo ninaloliona likikosekana pia katika mazungumzo ya barafu za milimani. Umoja wa Mataifa uliufanya 2025 kuwa mwaka wa kuhifadhi barafu hizo, ukatenga na tarehe 21 Machi kuwa siku yake, na hotuba nyingi zilizotolewa zilizungumzia kiasi: dunia ina zaidi ya mito ya barafu 275,000, na takriban asilimia 70 ya maji matamu yote yamegandia kwenye barafu. Ni kweli, ila sehemu kubwa kabisa ya hiyo asilimia 70 iko Antaktika na Greenland, ambako hakuna mkulima anayeingoja. Kwa anayeishi chini ya milima ya Himalaya au Andes, thamani ya barafu ni kuchelewesha. Huyapokea maji wakati hayahitajiki, huyatunza kwa miezi au miaka, na huyaachia wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekatika. Mto Indus unaishi kwa ucheleweshaji huo. Barafu inapoanza kwisha, mto kwanza hujaa kuliko kawaida, kwa sababu akiba inaliwa pamoja na faida, halafu baada ya kilele hicho hushuka na haurudi. Mtu anayetumia wingi wa maji kama ushahidi wa usalama atafurahi zaidi katika ile miongo ambayo hazina inamalizwa.

Nilinganishe na Kilimanjaro, maana mlima huo hutumiwa vibaya. Barafu yake ilikuwa karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2007 zilibaki chini ya 2. Wengi husema ikiisha, mito itakauka. Haitakauka kwa sababu hiyo. Chemchemi za chini ya mlima hulishwa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na barafu ya kileleni mchango wake ni mdogo mno. Hata kuyeyuka kwenyewe si hadithi nyepesi: sehemu kubwa ya barafu hiyo imepotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja kwenye hewa kavu, na kukauka kwa hewa ya kileleni kulianza mwishoni mwa karne ya 19. Kinachoweza kuikausha mito hiyo ni moto na shoka msituni. Nimeuleta mfano huu ili mwenye nia njema asilinde kilele akauacha msitu.

Barafu inayokufa huacha pia maziwa mapya, na hapa ndipo ile fikra ya "maji yakiongezeka ni heri" inapovunjika kabisa. Ujazo wa maziwa yanayoundwa na barafu inayorudi nyuma uliongezeka kwa takriban nusu kati ya 1990 na 2018. Yamezuiwa na nini? Mara nyingi na tuta la mawe na kifusi ambalo barafu yenyewe ilililimbikiza, ukuta usiojengwa na mhandisi yeyote. Desemba 1941 ukuta wa namna hiyo ulipasuka kwenye Ziwa Palcacocha nchini Peru, na maji na matope vikafagia sehemu ya mji wa Huaraz. Watu wasiopungua 1,800 walikufa. Oktoba 2023 Ziwa South Lhonak katika jimbo la Sikkim, India, lilimwagika usiku na kulisomba bwawa la umeme lililokuwa mbali kule chini bondeni. Bwawa hilo lilikuwa limejengwa kwa hesabu ya maji ya mtoni, huku ziwa lililokuwa likinenepa juu ya vichwa vya watu likiachwa nje ya hesabu.

Kuhusu bahari nitapita haraka, kwa kuwa imeandikiwa mengi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limezamia huko. Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi bahari kwa kiasi cha kuonekana; inayoipandisha ni ile iliyo juu ya nchi kavu, na ya Greenland peke yake ikiisha yote ingeiinua kwa takriban mita 7. Ila hata baharini lile jambo la bilauri linatokea: tabaka la juu linapata joto, linakuwa jepesi, na kuchanganyika na la chini kunakuwa kugumu.

Ikiwa haya ni kweli, kuna mambo yanayopaswa kubadilika, na la kwanza ni upimaji. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na Marekani kwa kushirikiana na Ufaransa, inaweza kusoma kimo cha maziwa mengi kwa usahihi mkubwa. Ni chombo cha ajabu na kinasaidia. Lakini hakuna setilaiti inayoona oksijeni iliyoko mita 80 chini ya maji. Kinachoiona ni kamba yenye vipimajoto na vipimaoksijeni, iliyotiwa nanga mahali pamoja na kusomwa kwa miaka bila kukatizwa, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya ukuta mmoja wa kuzuia mafuriko. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kupanda kwa joto la maji ya Tanganyika inaanzia kwenye vipimo vya msafara mmoja wa 1913. Maziwa mengi ya tropiki hayana hata hicho.

La pili ni uvuvi. Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na kupumzisha ziwa ni hatua ya busara. Lakini kufunga kunasaidia samaki waliopo. Hakurudishi rutuba iliyofungiwa chini. Idadi ya vyombo inayoruhusiwa inapaswa kukadiriwa kila baada ya miaka michache kwa kuangalia ziwa lilichanganyika kiasi gani katika majira ya kusi yaliyopita, wala isiwe namba iliyorithiwa kutoka kwenye miongo ya neema. Palipo na mwaka wa upepo hafifu, wavuvi waambiwe mapema, na wawe na njia nyingine ya kuishi iliyoandaliwa kabla nyavu hazijarudi tupu.

La tatu linawahusu wanaojenga. Mwaka ziwa linaposhuka, ardhi ya ufukweni hupimwa, hugawiwa na kuuzwa kana kwamba ziwa limehama. Halijahama. Rekodi za 1964 zilikuwepo, zimeandikwa, na nyingi ya nyumba zilizozama 2020 na 2024 zilikuwa ndani ya alama hizo au jirani nazo. Katika hewa inayobeba mvuke zaidi, tofauti kati ya usawa wa chini na wa juu inatarajiwa kupanuka, hivyo mpaka wa ujenzi uwekwe juu ya rekodi ya juu kabisa na ziada, na eneo lililo kati libaki matete na malisho. Matete hayo yatachuja pia mbolea na uchafu kabla haujafika majini, na uchafu ni ile sehemu ya tatizo ambayo wilaya moja inaweza kuipunguza bila kungoja mkutano wa mataifa.

Joto lenyewe halipunguzwi na wilaya. Linapunguzwa na wanaochoma makaa, mafuta na gesi kwa wingi, na mzigo huo hauwezi kuhamishiwa kwa mvuvi. Ndiyo maana nasisitiza tuache kubishana kuhusu ufukwe. Nchi yenye ziwa ikienda kwenye meza ya majadiliano ya fidia na picha ya nyumba iliyozama, itajibiwa kwa rekodi ya 1964, na jibu hilo litakuwa na uzito. Ikienda na miaka thelathini ya vipimo vya joto, tabaka na oksijeni, kutoka juu hadi chini, itakuwa imebeba ushahidi ambao mvua ya mwaka mmoja haiwezi kuufuta. Miaka thelathini hiyo inaanza kuhesabiwa siku nanga ya kwanza inaposhushwa.